Bandama Ikiumia kwa Pigo la Tumbo: Maswali na Majibu

Kijana ameanguka na baiskeli, usukani ukampiga ubavu wa kushoto. Presha 118/76, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) 13. Kwa nini asiruhusiwe kwenda nyumbani?

Namba hizo mbili huchelewa kuonyesha damu inayovuja. Anayevuja hupoteza maji ya damu na chembe kwa pamoja, kwa hiyo himoglobini ya saa ya kwanza huwa ileile ya asubuhi. Himoglobini hushuka maji ya mwilini yakishaingia mishipani kufidia. Presha ya kijana nayo hushikilia mpaka amepoteza damu nyingi. Shika mkono wake: mapigo yaliyokuwa 84 sasa ni 112, kiganja kimepoa, kijasho chembamba kinamtoka. Hiyo ni damu inayopotea. Muulize pia kama bega la kushoto linauma ilhali hakuliangukia, maana damu iliyo chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) husumbua neva ya msuli huo na maumivu yakasikika begani. Ultrasaundi ikiwa safi, rudieni: damu yaweza kuwa bado imezuiwa na ganda la bandama.

CT (picha ya ndani ya mwili) imeonyesha mpasuko wa daraja la 3 kati ya 5, mbona daktari hapasui?

Kinachoamua ni hali ya mgonjwa kuliko picha. Mapigo na presha vikitulia, na tumbo lisipokakamaa, huangaliwa kwa karibu: kanula (mirija ya mshipani) mbili pana, damu ya kundi lake tayari, himoglobini kila saa 6 siku ya kwanza. Dawa ya picha, ile inayochomwa mshipani wakati wa CT, ikionekana kuvuja nje ya mshipa, mshipa huzibwa kwa katheta (mrija mwembamba) panapowezekana. Ila presha ikishuka na ultrasaundi ikaonyesha damu tumboni, aende thieta moja kwa moja, asipelekwe CT. Na pasipo thieta wala damu usiku, ahamishwe mapema, kabla hajabadilika.

Akirudi nyumbani?

Wiki mbili za kwanza ndizo za kuchunga zaidi. Asibebe mizigo. Maumivu yatulizwe kwa parasetamo, si aspirini wala ibuprofeni. Michezo ya kugongana, kwa mpasuko mkubwa, ingoje takriban miezi 3. Kizunguzungu au maumivu mapya: arudi hospitali saa hiyohiyo.

Bandama imetolewa. Chanjo zipi, lini?

Za nimokoka, meningokoka na Hib, bakteria ambao bandama husaidia kuwazuia. Siku ya 14 baada ya upasuaji mwili huzipokea vizuri zaidi, lakini kama kuna shaka kwamba atarudi, achanjwe kabla ya kutoka wodini. Chanjo hazizuii vijidudu vyote. Homa yoyote, hata baada ya miaka 10, ni dharura: aanze antibiotiki na kufika hospitali ndani ya saa moja, asingoje kukuche. Malaria nayo humshika vibaya, kwa hiyo apimwe papo hapo.