Buti za snoubodi za mtumba: nichukue au niache?

SWALI: Habari zenu wahariri, poleni na kazi. Mimi nimeanza kuteleza na snoubodi, ule ubao wa kwenye theluji, msimu uliopita na kila kitu nakodi, sasa nimechoka na buti za kukodi maana unapewa zimelowa, zinanuka, na kila siku unapewa nyingine. Kuna jamaa anauza za kwake, anasema kazivaa misimu miwili tu, na kweli kwa nje zinang'aa, bei yake ni kama robo ya mpya. Ni kubwa saizi moja kuliko miguu yangu ila anasema nikivaa soksi mbili zitakaa freshi. Wenzangu wamegawanyika, wengine wanasema wahi kabla hajauza, wengine wanasema buti ya mtumba usiiguse hata kama unapewa bure. Nisikilize nani?

JIBU: Hizo soksi mbili zimenishtua kuliko hata umri wa buti, kwa hiyo tuanze nazo.

Ukivaa soksi mbili zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, jasho linakwama katikati, unapata malengelenge na baridi juu yake, na mguu bado unacheza ndani vilevile. Soksi inatakiwa moja tu, nyembamba kiasi, ya sufu au ya sintetiki, pamba hapana maana ikilowa imelowa. Kama buti inahitaji soksi mbili ndo ikukae basi hiyo sio saizi yako, iwe mpya iwe mtumba. Saizi yako halisi ipate hivi: simama kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama pale kidole kirefu kinapoishia, pima kwa sentimita. Buti nyingi za snoubodi zina namba ya mondo ambayo ni hiyohiyo, urefu wa mguu kwa sentimita, kwa hiyo mguu wa sentimita 27 ni mondo 27, ambayo kwa saizi za Ulaya inaangukia kama 42 hivi. Muulize jamaa namba ya mondo, hizo namba nyingine kila kampuni ina zake.

Haya, sasa mtumba wenyewe. Buti ya snoubodi ni viatu viwili: kuna ganda la nje hilo linalong'aa, na kuna kiatu cha ndani cha sponji ambacho mara nyingi unaweza kukichomoa. Ganda linakaa miaka. Kinachokufa mapema ni sponji, na sponji ndo inayoshika kisigino chako, kwa hiyo kumpa mtu sifa kwamba buti yake inang'aa ni sawa na kununua godoro kwa kuangalia foronya. Sponji ikishaminywa na mguu wa mtu mwingine siku nyingi inalala na hairudi. Zile za kupashwa moto zifuate umbo la mguu unaweza kuzipasha tena, zitajisogeza kidogo kukufuata wewe, ila unene uliokwisha umekwisha, moto hauurudishi.

Na "misimu miwili" haikuambii kitu. Kuna mtu msimu mmoja kwake ni wikendi tatu, kuna mwingine ni kila siku kuanzia theluji ya kwanza mpaka ya mwisho. Uliza siku, sio misimu. Watu wa huu mchezo kwa kawaida wanakadiria buti ya kawaida inakula siku 50 mpaka 100 hivi kabla haijalegea kabisa, inategemea uzito wako, unavyoteleza, na kama ulikuwa unazikausha vizuri. Akikwambia kazivaa siku kumi na ukaona soli imeisha pembeni, ujue anakupiga.

Kwa nini nang'ang'ania kisigino? Kwa sababu ubao unauongoza kwa miguu, na ukitaka kugeuka kwa ukingo wa upande wa vidole inabidi usukume ugoko mbele kwenye ulimi wa kiatu na kisigino kibaki chini. Kama kisigino kinanyanyuka ndani ya buti hata sentimita moja, wewe umeshageuka ubao bado, sasa ili uushike unaanza kukunja vidole kama unataka kuokota kitu kwa mguu, nyayo zinakaza, unafunga mikanda ya baindingi (vile vishikio vya kwenye ubao vinavyoshika buti) kwa nguvu zote, damu haipiti, miguu inakufa ganzi, mchana umekaa pembeni ya mteremko unalalamika kwamba snoubodi ni mchezo wa mateso. Wengi wanaoanza wanadhani ni wao hawajui kumbe buti.

Kwa hiyo nenda, usilipe bado. Ingiza mkono ndani ya buti, tafuta pale kisigino kinapokaa na pale vifundo vinapokaa pande zote mbili, bonyeza kwa kidole gumba. Sponji nzima inakusukuma kurudi. Ikizama na kubaki na shimo, au ukihisi ganda gumu moja kwa moja nyuma ya kitambaa, achana nayo. Kichomoe kiatu cha ndani kama kinatoka, angalia kitambaa cha kisigino kama kimetoboka, maana kikishatoboka pale ujue mguu ulikuwa unapanda na kushuka muda mrefu. Kwa nje kunja buti taratibu kama unavyokunja goti na uangalie ule mstari wa soli inapokutana na juu, kama gundi inafunguka kule mbele kwenye vidole maji yataingia siku ya kwanza. Na hapa kuna kitu watu hawakijui, buti iliyokaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa sio lazima iwe nzima, gundi inakauka, na baadhi ya soli zina poliurethani, aina ya plastiki, ambayo unyevu wa hewani unaivunja taratibu hata kama haijakanyaga theluji, unaitoa kwenye boksi inapendeza halafu inamong'onyoka ukiwa katikati ya mlima.

Kufunga: kama ni za kamba angalia tu vishikizo, kamba zenyewe ni rahisi kubadilisha. Kama ni za BOA, zile za kuzungusha kidude na waya unakaza, zungusha mpaka mwisho, vuta kidude kiachie, zungusha tena, na uutazame waya wote kama una nyuzi zimeanza kukatika. Waya ukiwa mbovu sio mwisho wa dunia, kampuni ya BOA yenyewe inavipa vidude na waya wake dhamana ya maisha yote ya kiatu, ila tumia huo ubovu kushusha bei.

Halafu vaa zote mbili, na soksi MOJA, uzifunge kabisa, ukae nazo robo saa huku mnapiga stori na muuzaji. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma viachie. Panda kwa ncha za vidole, kisigino kisinyanyuke ndani ya buti. Na kumbuka hii: buti mpya ikikubana kidogo italegea, ila ya mtumba ilishalegea tayari, hivyo unavyoisikia pale ndo ilivyo na kuanzia hapo inazidi kulegea tu. Kama inakaa "poa kabisa, nafasi ipo" basi ni kubwa.

Sasa uamuzi. Hizo za jamaa mimi nisingechukua, na sio kwa sababu ni mtumba, ni kwa sababu ni kubwa na sponji imeshavaliwa na mguu mkubwa kuliko wako, hapo huna pa kuponea. Wale wanaosema mtumba usiguse kabisa nao wanazidisha, maana kuna watu wananunua buti kwa mzuka, wanateleza mara mbili wanaanguka wanaacha, na buti hizo ukizipata kwa saizi yako ni mali. Ila kama bajeti yako ni ndogo mimi ningegeuza hesabu: ubao chukua wa mtumba, jaketi la mtumba, suruali ya mtumba, hela uliyookoa weka kwenye buti mpya. Tafuta toleo la mwaka uliopita mwisho wa msimu, maduka yanakuwa yanataka kuziondoa na tofauti kubwa mara nyingi ni rangi tu. Kuna wanaoshauri ununue ganda la mtumba halafu uweke kiatu kipya cha ndani, inawezekana na inafanya kazi vizuri, ila piga hesabu kwanza, kuna wakati jumla yake inafika bei ya buti mpya iliyopunguzwa.

SWALI: Mimi nimeshanunua za mtumba, zinanikaa vizuri sana ila zinanuka balaa. Naogopa fangasi.

JIBU: Unaogopa sawasawa, fangasi wa miguu wanaweza kukaa ndani ya viatu. Tupa ile soli ya ndani inayotoka, weka mpya. Chomoa kiatu cha ndani, kifue kwa mkono na maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha kikauke chenyewe sehemu yenye hewa, sio juu ya hita, joto kali linaharibu sponji na gundi. Kikikauka kabisa pulizia dawa ya fangasi ya viatu. Hiyo mbinu ya kuweka viatu kwenye friza isikudanganye, harufu inapungua fangasi wanabaki.

SWALI: Nimeona buti za Step On bei chee, za mtumba, karibu mpya. Baindingi zangu ni za mikanda ya kawaida, si zitaingia tu?

JIBU: Usinunue kabla hujaamua kuhusu baindingi. Step On ni mfumo wa Burton uliotoka 2017, buti inanasa yenyewe mbele pande mbili na nyuma kisiginoni, bila mikanda, na imetengenezwa kwa baindingi za Step On. Mara nyingi zinauzwa chee kwa sababu mwenyewe kabaki na buti bila baindingi, sasa na wewe unataka kununua tatizo lake. Kama anauza vyote viwili kwa pamoja, na buti ni saizi yako, hapo ongea naye. Na ukikuta buti za zamani sana zenye chuma chini ya soli, za mifumo ya miaka ya 90, hizo ni za ukumbusho, vipuri vyake utavitafuta mpaka uchoke.

SWALI: Na kwa watoto je? Wangu ana miaka 7 na anakua kila kukicha.

JIBU: Kwa mtoto mtumba chukua bila wasiwasi, wengi wanazikua buti kabla hawajazichosha na ni wepesi kiasi kwamba sponji haiminywi sana. Kagua vilevile kama nilivyosema juu. Ila usimnunulie za kukulia misimu mitatu, akivaa kubwa hawezi kugeuza ubao na atakwambia hataki tena kwenda. Helmeti tu ndo usinunue ya mtumba, ikishapigwa mara moja sponji yake ngumu ya ndani inaweza kuwa imepasuka na kwa nje huoni kitu.