Samaki Anagonga Chambo, Mkono Unasikia, Ukivuta Hakuna Kitu

Mbukwenyi ndugu zangu.

Jumatatu usiku nilipata ujumbe wa kijana wa Manyoni. Mwaka huu amekwenda pwani mara mbili, Bagamoyo na Kigamboni, na fimbo nzuri na vyambo vya bandia vya kila rangi. Mara zote mbili hadithi ni ileile. Samaki anagonga, mkono unasikia kabisa, anavuta, hakuna kitu. Akamalizia hivi: "Kaka, naanza kuamini sisi watu wa bara bahari haitutaki."

Maneno hayo nimewahi kuambiwa usoni, na hadi leo yananichoma. Lakini wiki tatu zilizopita, pale Kimbiji, pwani ya Dar es Salaam, nikiwa nimesimama mchangani na maji ya magotini, nimemtoa kolekole wa kilo nne na robo kwa chambo cha bandia. Kwa hiyo kijana wangu nitakujibu hapa hapa, maana najua mko wengi mnaopanda treni na fimbo na kurudi na hasira.

Mimi nilijifunza kuvua bwawani Hombolo, nikiwa na mjomba, kwa mshipi wa mkono na minyoo. Kambale ana sharubu zinazoonja, kwa hiyo anakionja chambo kwanza, anakisogeza, halafu anaondoka nacho taratibu. Maji yametulia, mshipi umenyooka, unajua kila anachofanya. Baadaye nikavua Mtera, kule mpakani na Iringa, nikajiona fundi. Nasema hivi ili ujue kwamba sikwenda baharini kama mtu asiyejua ndoana.

Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, bahari ikawa safari ya saa chache. Nikaitenganisha fimbo yangu vipande viwili, nikaitia ndani ya bomba la plastiki la maji, nikaenda. Safari ya kwanza sina la kusimulia. Ya pili ndiyo iliyoniumiza.

Ilikuwa wakati wa kusi, mawimbi makubwa, maji yamechafuka kwa mchanga. Pembeni yangu walisimama jamaa watatu wa mjini wenye vifaa vya bei. Tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi nilihesabu mapigo kumi na saba. Kumi na saba! Kila pigo nilivuta kwa nguvu zangu zote, na kila nilipovuta chambo kiliruka kutoka majini kikiwa kitupu. Pigo la mwisho nililivuta hadi nikakaa chini mchangani. Mmoja wao akasema kwa sauti, makusudi nisikie: "Mgogo na bahari wapi na wapi, akachunge ng'ombe." Wenzake wakacheka. Utani wa makabila naujua, nimekulia ndani yake, lakini mtani anakujua jina na amekula kwenu. Yule hakunijua. Nilikunja vitu vyangu nikaondoka bila kuaga.

Nikiwa njiani kuelekea barabarani nilimkuta mzee mmoja anashona wavu chini ya mti wa mkungu. Nikamwamkia, akaniuliza nimepata nini. Nikamwambia, mzee wangu, wamenidonoa asubuhi nzima. Akaomba kukiona chambo changu. Akakigeuza juani, pole pole, kama mtu anayesoma barua.

"Mwanangu, tazama mkia," akaniambia. "Hapa pamekatwa na meno. Huyu mwenye meno ya kukata hamezi mara moja. Anakata mkia kwanza ili windo lisikimbie, kisha anarudi kula. Wewe ukamvutia chakula mbele ya macho."

Kisha akaigusisha ndoana ya nyuma kwenye ukucha wa kidole gumba chake. Ikateleza. "Na hii butu."

Ndugu zangu, ndivyo walivyo nguru na mzia, mara nyingi wanaanzia mkiani. Wengine, kama kolekole, mara nyingi humlenga samaki kichwani, kwa sababu akimezwa kwa kutangulia kichwa miiba ya mapezi yake inalala. Kwa hiyo chambo chako kinakuambia nani alikugonga. Mikwaruzo mkiani ni mkataji. Mikwaruzo mbele, karibu na macho, ni mmezaji aliyekosea shabaha au aliyeshtuka. Ukikuta gamba limenasa kwenye ndoana, basi ndoana ilimgusa samaki ubavuni, pengine hata hakuwa anakula. Kundi la samaki wadogo linapopita na kugonga mshipi, mkononi unasikia vilevile. Mimi nilikuwa na chambo kilichojaa maelezo mfukoni, na sikuwahi kukitazama.

Fikirieni pia kwamba samaki hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini, anakigusa kwa mdomo au anakipiga kwa mwili. Tena wengi hawaumi kama mbwa. Wanafungua kinywa ghafla, maji yanaingia kwa nguvu, na kilichomo kwenye maji kinaingia nayo. Chambo kinachokimbizwa kwa mshipi uliokakamaa hakiingii na yale maji, kinagusa midomo kikapita. Na maji yakiwa machafu kama siku ile, samaki haoni vizuri, anategemea ule mstari wa ubavuni unaosikia mtikisiko wa maji. Anajua windo liko wapi kwa kukadiria. Akikosea kwa upana wa vidole viwili, wewe unasikia pigo na yeye hajapata kitu.

Lakini kosa kubwa lilikuwa mkononi mwangu. Hombolo mshipi unanyooka. Baharini wimbi linausukuma, upepo unaupinda, unapata tumbo. Mimi nilikuwa na nailoni, na nailoni ikiwa mita sitini majini inavutika kama mpira. Nikisikia pigo nikatupa fimbo nyuma, nguvu yangu inaishia kulinyoosha tumbo na kuivuta nailoni. Inapofika kwenye ndoana, samaki ameshaachia. Kisha chambo kinaruka na kumkimbia samaki yule yule ambaye alikuwa anageuka kurudi. Mara kumi na saba!

Dawa yake ni kutovuta. Unaposikia pigo, endelea kukunja mshipi kwa mwendo ule ule, ncha ya fimbo ikiwa chini karibu na maji, mshipi ukiwa umekaza. Akigonga tena, endelea kukunja. Usivute kwa sababu umesikia. Vuta ukihisi uzito, yaani pale fimbo inapoanza kupinda yenyewe na mashine ya kukunjia mshipi inakuwa nzito. Hapo peleka fimbo ubavuni kwa nguvu moja, isiwe juu. Subiri uzito. Nimeliandika hili kwa kalamu ya wino mzito kwenye bomba langu la plastiki: SUBIRI UZITO.

Nikirudi Dodoma nilinunua tupa ndogo, nikanoa ndoana zote hadi kila moja ikashika kwenye ukucha bila kuteleza. Ile ya meno matatu ya nyuma nikaitoa, nikaweka ya jino moja, kubwa kidogo. Nikatafuta chambo kifupi zaidi, maana vidagaa nilivyoviona vikirukaruka ukingoni vilikuwa vya urefu wa kidole, na mimi nilikuwa natupa kitu cha urefu wa kiganja. Mshipi nikabadilisha kwenda wa kusuka, ambao hauvutiki kirahisi. Hayo tu.

Siku yenyewe ya Kimbiji ilikuwa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Pale pwani maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita tatu, kwa hiyo sehemu niliyotembea kwa miguu usiku, asubuhi samaki wanapita. Nilianza kutupa kabla jua halijatoka. Pigo la kwanza lilikuja mbali, nyuma ya wimbi la pili. Mkono wangu ulitaka kuvuta, nawaambia ukweli, ulitetemeka. Nikakunja. Likaja la pili. Nikakunja. Chambo kilikuwa kimeshafika kwenye povu la mwisho, hatua kumi kutoka miguuni pangu, nikidhani ameshaniacha, ndipo fimbo ikapinda. Hakugonga tena. Alikuwa uzito mtupu, unaokwenda zake baharini.

Karibu robo saa. Sikumburuta dhidi ya maji yanayorudi. Nilingoja wimbi linalokuja limbebe, nikatembea naye nyuma. Alipolala mchangani, ndoana ya jino moja ilikuwa imekaa pembeni mwa mdomo, safi. Nilipiga magoti. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi, na mimi kwa safari mbili nilikuwa mkizi, hasira zangu zimewafaidi samaki. Siku ile nilikuwa mvuvi.

Nilimtia kwenye ndoo ya barafu, nikapanda treni ya jioni. Nyumbani Nkuhungu walimla watu kumi na moja, na mama, ambaye hajawahi kuiona bahari, alikishika kichwa kwa mikono miwili akakitazama muda mrefu kabla hajakitia chunguni.

Sasa nizungumze na nyinyi mnaonunua. Nawaona. Samaki akigonga akaondoka, mnanunua chambo kingine. Akigonga tena, mnanunua fimbo nyingine. Fedha ya ada, fedha ya mbolea ya mizabibu, inaishia kwenye plastiki ya rangi. Kaeni chini mkitazame mlicho nacho. Noeni. Tulieni mikono. Samaki aliyekugonga tayari amekuja, amekiamini chambo chako nusu. Anayemfukuza ni wewe na papara zako. Hata nyumbani tuko hivyo, mtoto anaanza kueleza jambo, tunamkatisha kabla hajafika kwenye uzito wake. Mimi nilikuwa hivyo na mwanangu wa kwanza, najuta.

Kijana wa Manyoni, nakuomba jambo moja. Usikitupe kile chambo kilichogongwa, na usikisugue. Bamvua ijayo nashuka tena, treni ya asubuhi, nina tupa mbili. Njoo nacho tukitazame mkia wake pamoja kabla hujafunga kingine.