Ogg kwenye iPod ya zamani
Umeuliza kama Rockbox, ile programu ya bure inayowekwa kwenye iPod badala ya ya kiwandani, inafungua Ogg (aina ya faili la sauti lililobanwa) kwa libvorbis, maktaba ile ile ya programu inayotumika kwenye kompyuta. Hapana kaka, haifungui hivyo. Waundaji wake walichukua Tremor, toleo la Xiph wenyewe (shirika lililobuni Ogg) linalopiga hesabu kwa namba kamili tupu. Sababu ni chipu: iPod Video ya 2005 ina ARM7 (vichakataji vidogo) mbili zinazofika 80 MHz, na hazina sehemu ya kupigia hesabu za desimali. Ukizipa desimali zitaigiza kwa programu, polepole mpaka sauti ianze kukatakata. Kwa hiyo 0.5, kwa mfano, huwekwa kama 32768 (yaani imezidishwa kwa 65536), na kila baada ya kuzidisha, biti (tarakimu za 0 na 1 za namba hiyo) husukumwa kulia nafasi 16 ili jibu lirudi kwenye kipimo kile kile. Hapo ndipo jasho lenyewe la kuhamisha programu ya sauti lilipo. MP3 nayo vivyo hivyo, inatumia libmad, maktaba nyingine ya namba kamili.

Yangu ni hiyo ya 30 GB, imejaa kasida za Maulidi nilizorekodi mwenyewe pale msikiti wa Riyadha. Ogg na FLAC (faili lililobanwa bila kupoteza sauti) naskiza botini kutoka Amu (Lamu) hadi Faza, haikwami hata mara moja, ila kelele ya injini ya boti ndiyo inayonishinda.

Usijisumbue tu na APE (aina nyingine ya faili lisilopoteza sauti) iliyobanwa kwa kiwango cha juu kabisa. Nayo ni ya namba kamili, lakini kazi inaielemea ARM7. Igeuze iwe FLAC kwanza kwenye kompyuta, hupotezi chochote cha sauti.