Pikapu ikitetemeka, usianze na duka la spea

Pikapu ikianza kutetemeka ikifika mwendo wa 80, wengi wetu hapa Nakuru hukimbilia kubalansi magurudumu. Sawa, hiyo ni kazi ya bei rahisi. Lakini ukishabalansi na mtetemo ukabaki, usirudi huko tena. Ingia chini uangalie propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma.

Kabla ya hapo jaribu hili barabarani. Ongeza mwendo hadi mtetemo uanze, kisha ushushe gia moja huku mwendo ukibaki uleule. Injini itapiga kelele zaidi. Kama mtetemo haukubadilika, injini na klachi hazina hatia. Mtetemo wa tairi huja kwa mapigo kwenye usukani au kiti. Wa propela ni mvumo wa haraka unaopanda kwenye nyayo. Ukienda 80, tairi la pikapu huzunguka kama mara 10 kwa sekunde, na propela karibu mara nne ya hapo kwa sababu ya difu, yaani gia zilizo kwenye ekseli ya nyuma.

Egesha pahali tambarare, kinga magurudumu kwa mawe, weka gia huru, ngoja ekzosi ipoe. Na jeki peke yake si ya kuaminiwa. Bandua kwanza matope yaliyokaukia kwenye propela, maana bonge moja tu linatosha kuharibu mizani yake. Kisha shika upande mmoja wa krosi, kile kiungo kinachoiruhusu propela kujipinda, na uzungushe ule wa pili. Ikicheza hata kidogo, imekwisha. Unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake maana yake grisi ilikauka zamani. Raba ya senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati, nayo itikise uone kama imepasuka.

Propela ikifunguliwa, sisitiza fundi apige alama ya rangi kwenye flenji, yaani sahani inayofungwa kwa bolti, na pale vipande viwili vinapoingiliana. Usione haya kusimama hapo hapo. Uma zinazoshika krosi za mbele na nyuma zikirudishwa bila kulingana, krosi mpya itatetemeka kuliko ile ya zamani.

Sasa kuna ugonjwa wetu sisi tunaobeba viazi kutoka Molo: kuongeza majani ya springi za nyuma. Nyuma inainuka, na gari likiwa tupu propela inakaa kwa mwinamo mkali. Langu lilikuwa likivuma likiwa tupu, likipakiwa magunia linatulia kabisa. Hali ikiwa hiyo, usinunue krosi kwanza. Weka simu yenye programu ya kupima mwinamo kwenye flenji ya difu, kisha kwenye propela, ulinganishe tupu na mzigo. Kwangu tuliondoa jani moja la springi, tukaingiza kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili pua ya difu ikae sawa. Kabari ikiwekwa kinyume, mambo huharibika zaidi, kwa hiyo pima tena kabla ya kukaza. Na baada ya safari za kwanza zenye mzigo, kaza upya nati za yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, kwani springi zikikaa mahali pake nati hizo hulegea.