Maswali ya Wasomaji: Jioni katika Uwanja Mdogo wa Besiboli

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na mume wangu tulihamia Altoona, Pennsylvania, mwaka jana pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka sita. Mwenzangu kazini ametupa tiketi nne za kwenda kuitazama timu ya besiboli ya mji, Altoona Curve. Sisi tumezoea kandanda, na katika besiboli hatujui hata pa kuanzia. Nimesikia pia kwamba hii ni ligi ndogo. Je, hizi ni timu zilizoshuka daraja? Tutafaidika nini kwa kukaa jioni nzima tukitazama mchezo tusioufahamu, na tufanyeje ili watoto wasichoke?
Mama wa Wawili, Altoona

JIBU: Dada yangu, zipokee tiketi hizo kwa mikono miwili. Ninaanza na hilo neno "ligi ndogo" kwa sababu ndilo linalotupotosha wengi wetu tuliokulia katika kandanda, ambako timu ikifanya vizuri hupanda daraja na ikifanya vibaya hushuka. Katika besiboli ya Marekani timu haipandi wala haishuki. Anayepanda ni mchezaji. Hata kama Curve wangeshinda mechi zao zote za msimu, mwakani wangebaki palepale walipo, kwa kuwa kazi yao ni kuwalea wachezaji kwa niaba ya Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu. Kila moja ya timu 30 za ligi kuu ina timu nne za namna hiyo zilizopangwa kwa ngazi, kuanzia Single-A, kisha High-A, Double-A na mwisho Triple-A. Curve wako Double-A, na wapo vijana wanaoitwa ligi kuu moja kwa moja kutoka hapo bila kupitia Triple-A.

Ukishalielewa jambo hilo, mengi yatakayokushangaza uwanjani yatajieleza yenyewe. Utamwona kocha akimtoa mrushaji, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, ingawa anafanya vizuri kabisa, kwa sababu amefikisha idadi ya mipira aliyopangiwa kurusha siku hiyo. Utamwona kijana akipewa zamu ya kupiga kila jioni ingawa gongo lake halijagusa mpira kwa wiki nzima, kwa sababu walio juu yake wanataka ajifunze kutoka katika shida hiyo. Na yule aliyewafurahisha watoto wako Jumanne huenda Alhamisi hayupo, ameitwa ngazi ya juu usiku, na jina lake limekwisha kuondolewa ubaoni. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: msiende kufuatilia timu, chagueni mtu. Kila mmoja wenu amteue mchezaji wake kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, amtazame anavyojiandaa, anavyosimama, na anavyorudi benchi baada ya kushindwa.

Nina sababu ya kulisema hili kwa moyo wote. Gift Ngoepe, kijana wa Afrika Kusini ambaye mama yake alifanya kazi katika klabu ya besiboli huko Randburg, alisajiliwa na Pirates mwaka 2008, akapita ngazi moja baada ya nyingine, na kwa misimu kadhaa akacheza katika uwanja huohuo mtakaokwenda ninyi. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza ya kupiga ikamfikisha salama kwenye besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne anavyovizunguka mpigaji. Waliokuwa wakihudhuria mechi za Altoona miaka ile walimwona akiwa bado hajulikani, kwa umbali ambao katika uwanja mkubwa hauupati hata ukilipa fedha nyingi.

Vijana hawa si matajiri. Mkataba wa kwanza wa pamoja kati ya wachezaji wa ligi ndogo na waajiri wao ulipatikana mwaka 2023, na ndio uliopandisha mshahara wa chini wa Double-A hadi dola 30,250 kwa mwaka, wakati mshahara wa chini wa ligi kuu mwaka huohuo ulikuwa dola 720,000. Mtu akipiga mpira hafifu kisha akakimbia kuelekea besi ya kwanza kana kwamba anafukuzwa, ndipo utakapoelewa anachokikimbilia.

Kuhusu kanuni, hamhitaji nyingi. Mechi ina awamu tisa, na katika kila awamu timu zote mbili hupata zamu ya kupiga, ambayo huisha wapigaji watatu wanapotolewa. Mrushaji husimama mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji. Mpigaji akikosa mara tatu ametoka. Akirushiwa mipira minne mibaya bila kuipiga, hutembea bure hadi besi ya kwanza. Pointi hupatikana mtu anapozunguka besi zote nne na kurudi alikoanzia. Mengine mtayaokota njiani, au mtamuuliza mzee aliyeketi jirani yenu, ambaye kwa kawaida huwa na penseli na karatasi ya kuandikia kila tukio na hungoja kwa hamu mtu wa kumwuliza. Hofu ya kukaa mno nayo iwatoke: tangu saa ya kumhimiza mrushaji ilipowekwa katika ngazi zote za ligi ndogo mwaka 2022, mechi nyingi huisha kwa saa mbili na nusu hivi.

Fikeni mapema, geti zikifunguliwa tu. Katika viwanja vingi vidogo mahali pa warushaji kupashia moto misuli ni pembeni mwa uwanja, kando ya mstari, hatua chache kutoka viti vya mbele. Niliwahi kuketi mahali kama hapo jioni moja, nikamtazama kijana mrefu aliyeanza kwa kurusha polepole, kama anayempa mwenzake chungwa. Alisugua mpira kwa viganja vyote viwili, akatafuta mshono kwa ncha za vidole, akarusha. Kadiri alivyoongeza nguvu ndivyo sauti ya ngozi ya glavu ilivyobadilika, kutoka kishindo kizito hadi mlio mkali unaoumiza masikio, na mdakaji hakuisogeza glavu hata kidogo. Binti mdogo aliyekuwa kando yangu aliacha kula. Nilikwisha kuona besiboli kwenye televisheni kwa miaka, lakini siku hiyo ndipo nilipofahamu mpira ule unakwenda kasi kiasi gani.

Kasi hiyo ndiyo sababu ya onyo langu moja. Mkikaa nje ya eneo lililokingwa na wavu, mtu mzima mmoja asiondoe macho uwanjani kila mpira unaporushwa, simu ikae mfukoni, na mtoto mdogo akae upande wa ndani. Mpira ukiangukia jukwaani ni wenu, haurudishwi.

Watoto hawatachoka. Nyuma ya ukuta wa kulia wa uwanja wa Altoona watauona mtambo wa mbao wa vigari vya kupanda na kushuka, wa bustani ya michezo ya jirani, na katikati ya awamu ya saba watu wote husimama kujinyoosha na kuimba. Waelezeni pia jina la timu, kwani lina maana mbili: ni mpira unaopinda ukiwa hewani, na ni Horseshoe Curve, kona maarufu ya reli iliyofunguliwa karibu na mji huo mwaka 1854.

SWALI: Hapa Clinton, Iowa, tunaambiwa timu yetu ya LumberKings si ya ligi ndogo tena. Je, bado inafaa kwenda?
Msomaji wa kando ya Mississippi

JIBU: Inafaa sana. Kwa msimu wa 2021 ligi kuu ilipunguza timu zilizofungamana nayo kutoka 160 hadi 120, na miji mingi midogo, wa kwenu ukiwamo, ikaachwa nje. Nakiri kwamba uamuzi ule uliniuma, kwa kuwa uwanja wa mji mdogo ni mahali pa watu kukutana, na fungamano la miaka mingi lilikatwa kwa hesabu za ofisi ya mbali. Wanaocheza kwenu sasa wakati wa kiangazi ni wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao hawalipwi mshahara na bado wanatafuta kuonekana. Uwanja ni uleule wa mwaka 1937, karibu na mto uleule. Mpira wa karibu bado mnao.

SWALI: Je, ni utovu wa adabu kuondoka kabla mechi haijaisha?
Baba wa mtoto mchanga

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mtoto akilia ondokeni, ila ngojeni zamu ya mpigaji mmoja iishe ndipo mpite mbele ya watu. Besiboli haina sare wala kipenga cha mwisho, na hakuna anayeweza kukuahidi saa ya kurudi nyumbani. Huko Pawtucket, Rhode Island, mechi dhidi ya Rochester iliyoanza jioni ya tarehe 18 Aprili 1981 ilikwenda awamu 32 bila mshindi, ikasimamishwa saa kumi na dakika saba alfajiri katika baridi kali. Jukwaani walikuwa wamebaki watazamaji 19. Ilipoendelea tarehe 23 Juni, ilihitaji dakika 18 tu kumalizika.