Jozi moja ya faiba inatosha matawi yote matatu

Kaka, umeuliza kama matawi yenu ya Arusha, yaani Njiro, Sakina na Usa River, kila moja lazima livutiwe faiba yake (nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga) hadi makao makuu hapo Mnara wa Saa. Hapana. Zungusha jozi moja, itoke makao makuu, ipite matawi yote na kurudi, na kila tawi ulipatie rangi yake ya mwanga, yaani urefu wake wa wimbi: nanomita 1530, 1550, 1570. Kichujio kidogo kisichotumia umeme kinachomoa rangi ya tawi hilo tu, nyingine zinapita. Umeme ukikatika Njiro, Sakina haiguswi.

Faida ya mzunguko ni kwamba upande mmoja ukikatika, mwanga unaweza kupita upande wa pili. Ila nakusihi, pande hizo mbili zisilazwe mtaro mmoja! Katapila la barabara likipita hapo, zote zinakatika pamoja na mzunguko hauna maana tena. Jumlisha pia upotevu wa mwanga kwenye kila kichujio kabla hujanunua moduli (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga), ili uchague zenye nguvu ya kutosha.