Kabla hujaweka uigaji wako wa joto mtandaoni

Atakayepakua msimbo wako hana njia ya kujua kama namba anazoziona ni sahihi. Mwachie jibu moja la kulinganishia.

Chukua bamba la shaba la mraba, sentimita 10 kwa 10. Upande wa juu uwe nyuzi 100, pande tatu zilizobaki 0. Joto likishatulia, katikati ni nyuzi 25 kamili, na kompyuta haihitajiki kulijua hilo: pande zote nne zikiwa 100, katikati pia ni 100, na kila upande unachangia robo. Iandike 25 hiyo kwenye README, faili la maelezo ya msimbo.

Kwa gridi ya nukta 101 kwa 101, dx (umbali kati ya nukta mbili jirani) ni mita 0.001, na α ya shaba (kipimo cha wepesi wa joto kusambaa ndani yake) ni takriban 0.00011 m²/s. Kwa mbinu ya wazi (explicit: joto jipya linakokotolewa moja kwa moja kutoka lile la zamani), dt, yaani muda wa hatua moja, isizidi dx²/(4α), yaani sekunde 0.00227; weka 0.002. Ukivuka hapo, nukta jirani zinapishana moto na baridi kama ubao wa drafti, kisha skrini inajaa nan (“si namba”). Wengi hupunguza dx wakaisahau dt. Ukigawa dx kwa mbili, dt igawe kwa nne, na kazi inaongezeka mara 16. Weka assert, yaani sharti linalosimamisha programu mapema likivunjwa.

Sekunde 60 za bamba ni hatua 30,000. NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za majedwali, ikikokotoa jedwali zima kwa pamoja, ni sekunde chache. For mbili za Python, vitanzi vinavyopita nukta moja moja, zitakuweka dakika kadhaa. Hizo for zina mtego mwingine: ukiandika joto jipya juu ya jedwali lilelile unalolisoma, mwisho bado utapata 25, ila safari yote ya kufika hapo ni ya uongo. Kipimo cha 25 hakiukamati. Baada ya hatua 500, linganisha kushoto na kulia kwa np.allclose(T, T[:, ::-1]), T ikiwa jedwali la joto; ikitoka False, tenganisha jedwali la zamani na jipya.

Leseni usiiache. Msimbo usio na leseni, hata ukiwa wazi kwa kila mtu, kisheria hauruhusu wengine kuutumia wapendavyo. Leseni ya MIT, fupi na yenye masharti machache, inatosha kwa kazi nyingi. Kwenye requirements.txt, orodha ya maktaba zinazohitajika, andika toleo kamili, mfano numpy==1.26.4, maana np.float (jina la zamani la aina ya namba za desimali) iliondolewa toleo la 1.24 na misimbo mingi ya zamani ikagoma. Matokeo mazito usiyapakie pamoja na msimbo: GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, inakataa faili linalozidi MB 100. Yapeleke Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya data za utafiti, upate na DOI, kitambulisho cha kudumu cha kunukuliwa.